Kamati ya mahafali ya mtu aliyedisko: uchambuzi wa kisa kimoja cha unasihi chuoni

Kisa hiki cha kijana aliyedisko, yaani aliyekatishwa masomo kwa kushindwa kufikisha alama, kimetoka katika ofisi ya unasihi ya chuo kikuu kimoja cha umma, Tanzania Bara. Kijana mwenyewe namwita Daudi, ingawa si jina lake. Kozi, mkoa wa kwao na mambo mengine mawili matatu ambayo yangemtambulisha nimeyafuta au kuyageuza. Ameisoma rasimu na kuridhia itumike kufundishia. Alirekebisha kitu kimoja tu: nilikuwa nimeandika kwamba baba yake aliuza ng'ombe mmoja. Akaniambia walikuwa wawili.

Nawaandikia wanasihi wenzangu, walezi wa hosteli, na wale wahadhiri ambao kwenye karatasi ni washauri wa kitaaluma wa wanafunzi arobaini na hawamjui hata mmoja kwa sura.

Alikotoka

Daudi ni mtoto wa kwanza kati ya watano, na wa kwanza kwa upande wa baba yake kufika chuo kikuu. Alipata mkopo wa Bodi ya Mikopo uliolipa sehemu kubwa ya ada, na bumu, yaani posho ya kujikimu, ambalo wakati ule lilikuwa shilingi 10,000 kwa siku. Bumu huingia kwa mkupuo. Kila lilipoingia, alikata kiasi akatuma nyumbani kwa ajili ya wadogo zake. Wanafunzi wanaofanya hivyo ni wengi kuliko tunavyopenda kukiri, na sijawahi kuona fomu yetu yoyote yenye swali hilo.

Mwaka wa kwanza alipata sapu tatu, yaani mitihani ya kurudia, akazifaulu mbili, ya tatu akaibeba kwenda mwaka wa pili. Hakuwa mzito wa kuelewa. Hesabu alizimudu. Kilichomwangusha ni maswali ya maelezo: majibu anayo kichwani kwa Kiswahili, yakifika kwenye kalamu yanageuka sentensi mbili fupi za Kiingereza ambazo hazifiki hata nusu ya alama.

Muhula wa pili wa mwaka wa pili mama yake akalazwa. Daudi alipanda basi usiku uleule bila kuaga ofisi yoyote. Alikaa nyumbani wiki tatu, akakosa tesiti mbili na mtihani mmoja wa mwisho wa muhula. Mama akafariki. Walipomaliza matanga akarudi kufanya mitihani iliyobaki.

Chuo chetu kina utaratibu wa mtihani maalumu. Aliyeugua au kufiwa anaandika barua, anaambatisha uthibitisho wa hospitali au wa mtendaji wa kijiji, na mtihani aliokosa anaufanya kipindi cha sapu, ukihesabiwa kama mara ya kwanza. Daudi aliamini kuwa ukishaondoka bila ruhusa, basi, umekosa. Utaratibu umeandikwa katika kitabu cha kanuni, kwa Kiingereza, baada ya kurasa nyingi za vipimo vya joho na mengineyo. Mshauri wake wa kitaaluma alikuwa amesaini fomu yake ya usajili mara mbili, na mara zote mbili fomu ilipelekwa kwa mhadhiri ikiwa katika rundo la kiongozi wa darasa. Hawakuwahi kukutana.

Tesiti zikaingia sifuri, na mtihani ukaingia sifuri. GPA, yaani wastani wa alama zake, ikaanguka chini ya 2.0 inayotakiwa.

Chini ya mwembe

Matokeo yalitoka akiwa nyumbani kwa likizo, miezi mitatu baada ya mazishi. Pale kwao mtandao unashika sehemu moja tu, chini ya mwembe ulio karibu na zizi. Alisimama hapo jioni akisubiri ukurasa ufunguke. Ukafunguka nusu, ukaganda, ukafunguka tena, na kwenye mstari wa mwisho yakaonekana maneno ya kumkatisha masomo. Baba yake alikuwa anafunga lango la zizi. Akamuuliza bila kugeuka, "Yametoka?"

"Yametoka, baba. Nimepita."

Daudi aliniambia kwamba hakuwa amepanga kusema hivyo. Mwaka mzima uliofuata aliutumia kulilinda jibu hilo moja.

Mwaka mmoja wa kujificha

Mwezi Novemba aliaga, akarudi mjini kama anayeanza mwaka wa tatu. Wiki za kwanza alibebwa hosteli na rafiki yake mmoja, wakilala kitanda kimoja cha futi mbili na nusu. Huyo rafiki ndiye pekee aliyeujua ukweli. Wenzake wengine walidhani ameahirisha mwaka kwa sababu ya msiba. Baadaye alipanga geto, chumba kimoja karibu na lango la nyuma la chuo, akapata kibarua katika steshenari iliyopo palepale: kutoa fotokopi, kuchapa, kubandika majalada ya ripoti za utafiti.

Asubuhi aliingia darasani na wenzake wa zamani. Katika ukumbi wa watu mia tatu hakuna anayemuuliza mtu kitambulisho. Aliandika notisi. Jioni aliwachapia hao hao ripoti zao, akiwasahihishia namba za kurasa na orodha ya majedwali, hivyo kufikia mwezi Juni alikuwa anazijua ripoti za mwaka wa tatu kuliko baadhi ya wenye ripoti.

Nyumbani alisema Bodi imempunguzia mkopo. Hakuomba hela. Baba yake mwenyewe ndiye aliyeuza ng'ombe wawili, akamtumia kwa simu. Sehemu ya hela hiyo ililipia geto. Sehemu nyingine Daudi aliirudisha kijijini kidogo kidogo, kwa jina la bumu.

Julai ikapita, na ndugu wakajua amemaliza. Agosti likafunguliwa grupu la WhatsApp la kamati ya mahafali yake, naye akaingizwa humo. Mweka hazina alikuwa shangazi yake. Kila asubuhi alibandika orodha upya: jina, ahadi, alichotoa, salio. Sare zikachaguliwa, vitenge vikanunuliwa, viti kumi na viwili vya basi vikaanza kuulizwa bei. Daudi aliisoma orodha hiyo kila siku akiwa amekaa nyuma ya mashine ya fotokopi.

Alivyotufikia

Aliyemleta ni mwenye steshenari, mama mmoja asiye na uhusiano wowote na chuo zaidi ya biashara. Ilikuwa katikati ya Oktoba, wiki sita kabla ya mahafali. Alimkalisha Daudi kwenye benchi la nje, akaingia peke yake.

"Mwalimu, huyu kijana wangu ananitia wasiwasi. Jana amenilipa deni la shilingi elfu nne na mia tano. Mimi nilishalisahau. Leo kaniletea na funguo ya duka, anasema nikae nayo mwenyewe."

Nikamuuliza kama wamegombana. "Hatujagombana. Ndiyo maana nimekuja."

Katika mafunzo ya dalili za hatari tunafundishwa juu ya mtu anayegawa vitu vyake na kufunga hesabu zake. Mama huyu hajapitia mafunzo hayo, lakini aliliona jambo akalichukulia hatua siku ya pili yake. Sisi tuliokuwa na mafunzo tulikuwa mita mia nne kutoka dukani kwake, na mwaka mzima tulikuwa tunatoa fotokopi pale.

Tulivyoamua, na kwa nini

*Kumpokea.* Daudi hakuwa mwanafunzi. Hakuwa na kitambulisho wala namba hai kwenye mfumo, na bima ya afya ya wanafunzi ilikuwa imekwisha. Kwa taratibu za ofisi ningeweza kumwelekeza kwingine, na mkuu wangu aliniuliza baadaye kwa nini sikufanya hivyo. Nilimjibu kwamba chuo ndicho kilichomwandikia mstari ule wa mwisho, na hapajawahi kuwa na mtu wa chuo aliyeketi naye kumweleza maana yake. Jalada lake nililifungua katika kundi la "wengineo". Hadi leo sina uhakika kama mkuu wangu aliridhika, lakini hakulifunga.

*Kumuuliza waziwazi.* Alipoketi nilianza na usingizi na chakula. Alikuwa analala saa tatu kwa usiku, na ugali aliuacha nusu. Nikamuuliza kwa maneno yasiyozunguka kama anafikiria kujiua. Alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akaniuliza yeye: "Nikisema ndiyo, unapiga simu polisi?"

Swali lake lilikuwa na mantiki. Kanuni ya Adhabu yetu, Sura ya 16, ina kifungu ambacho bado kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kwa majirani zetu Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho kinapingana na Katiba yao. Sisi hatujafika huko. Vijana wanakijua kifungu hiki, au wamesikia habari zake, na wengi wanachanganya mawazo na jaribio. Nilimweleza tofauti: kusema unachokifikiria si kosa, na mimi siyo mpelelezi. Ndipo akasema ndiyo. Hakuwa na siku, lakini alikuwa na wazo kwamba basi la ndugu zake lisimkute.

Mchana huohuo tukaandika mpango wa usalama kwenye ukurasa mmoja wa daftari: usiku atalala kwa rafiki yake, mchana atakuwa dukani na funguo atarudishiwa, akizidiwa atampigia nani, na wa pili nani. Mama wa steshenari alikubali kuwa wa pili. Kesho yake nikaenda naye hospitali ya rufaa, kliniki ya afya ya akili. Daktari alithibitisha sonona na kumwanzishia dawa. Gharama ilitaka kutukwamisha pale dirishani, mpaka tulipomwona ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, akajaza fomu ya msamaha. Wanasihi wengi hawaitumii njia hii kwa sababu wamezoea wanafunzi wenye bima.

*Kuwaambia nyumbani.* Hapa nilikosea, na nitalieleza kwa urefu.

Tarehe ya mahafali ilikuwa inanikimbiza. Kichwani mwangu hesabu ilikuwa nyepesi: uongo ndio unaomuua, kwa hiyo ukweli utoke haraka. Katika kikao cha pili nikapendekeza ampigie baba yake pale pale ofisini, mimi nikiwa pembeni. Akasema, "Sawa, mwalimu." Alisema upesi mno. Ningekuwa makini ningejua kwamba hiyo ilikuwa sawa ya adabu. Kijana aliyelelewa vizuri hamkatalii mtu mzima aliyemsaidia jana.

Akapiga, simu ikiwa kwenye spika.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, msomi wangu! Nilikuwa nataka nikupigie. Babu yako mdogo naye anataka kuja, tumefika kumi na tatu. Huko pa kulala pakoje?"

Daudi akanitazama. Kisha akasema, "Pa kulala papo, baba," wakaongea habari za mvua, akakata simu. Sasa alikuwa ameongeza uongo mwingine, na safari hii mbele yangu, kwa mpango wangu. Hakuja kikao kilichofuata. Kwa siku mbili simu yake haikupatikana, na nilimjua yu hai kwa sababu tu mama wa steshenari alinitumia ujumbe kila jioni: "Yupo. Kala."

Aliporudi nilimwomba radhi. Kisha tukafanya nilichopaswa kukifanya mwanzo: tukachora ukoo. Nani humsikiliza nani? Nani akisema, baba hanyanyuki? Penseli yake ilisimama kwa shangazi, yaani dada mkubwa wa baba, mweka hazina wa kamati, anayeishi mji wa katikati ya safari. "Baba hajawahi kumkatalia," alisema. "Hata mama alipoolewa, yeye ndiye aliyesema ndiyo."

Katika kazi yetu huwa tunaufundisha mkabala wa mtu kujisemea mwenyewe mbele ya mzazi. Kwenye familia nyingi ninazozijua habari nzito hazipiti njia hiyo. Zina mtu wake. Mchumba hajipelekei posa, na msiba hautangazwi kwa mwenye nao kwa simu bila mtu kuwekwa karibu naye kwanza. Nilikuwa najua haya yote kama mtoto wa watu, nikayasahau nilipovaa cheo cha unasihi.

Alisafiri Jumamosi na rafiki yake. Kabla ya hapo tulifanya mazoezi ya sentensi tatu tu za kufungulia, kwa lugha ya kwao, ambayo mimi siijui. Nilimwachia aniambie mwenyewe kama zimekaa sawa.

Kwa shangazi

Nasimulia nilivyosimuliwa. Shangazi alikuwa na daftari la michango mezani. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza habari za chuo wala za alama. Aliuliza, "Sasa wale ng'ombe baba yako aliuza wa nini?" Daudi akaeleza hela ilivyokwenda, sehemu ya geto na sehemu aliyoirudisha. Shangazi akafungua ukurasa mpya nyuma ya daftari, akamwambia aandike yote, tarehe na kiasi, kadiri anavyokumbuka. Waliandika hadi usiku. Ilipofika mwezi wa kuumwa kwa mama yake, Daudi akashindwa kuandika, akalia. Anasema hakuwa amelia tangu mazishi, maana siku ile yeye ndiye aliyekuwa akipokea wageni na kuhesabu rambirambi.

Kwa baba alikwenda shangazi mwenyewe, bila Daudi. Yaliyosemwa huko hatukuambiwa.

Ilivyoishia, kwa sasa

Kamati ilivunjwa kwa ujumbe mmoja mfupi: shughuli imeahirishwa kwa sababu za kifamilia, kila mtu atarudishiwa chake. Walirudishiwa karibu wote. Vitenge vilikwisha kukatwa, vikavaliwa kwenye harusi ya binamu yake mwezi Januari.

Baba hakuzungumza naye kwa miezi kadhaa. Simu yake ya kwanza ilihusu mdogo wa Daudi na ada ya shule, kana kwamba hakuna kilichotokea, na Daudi aliipokea hivyo hivyo. Ng'ombe hawajazungumzwa.

Kuhusu masomo, mlango wa rufaa ulikuwa umefungwa muda mrefu. Tuliandika barua hata hivyo, tukiambatisha uthibitisho wa kifo. Jibu lilikuwa fupi na sahihi kikanuni. Zilibaki njia mbili: kuomba udahili upya kama mwombaji mwingine yeyote, au kwenda Chuo Kikuu Huria, ambako angeweza kusoma huku anafanya kazi. Mkopo ulikuwa mfupa mwingine. Mwongozo wa Bodi unamtaka aliyekatishwa masomo arejeshe kwanza asilimia 25 ya alichokopeshwa ndipo aombe tena. Kwake hiyo ni zaidi ya shilingi milioni moja. Analipa kidogo kidogo kutokana na kazi ya steshenari, ambapo sasa anasimamia duka siku tatu kwa wiki. Kliniki anahudhuria, ingawa aliwahi kuacha dawa kwa wiki mbili alipojiona amepona, na tukaanza upya.

Ninachokiona nikiangalia nyuma

Mwenzangu ofisini, mwenye uzoefu kunizidi, haafiki nilivyoendesha jambo hili. Kwake, siku Daudi aliposema ndiyo, usiri uliisha: maisha yako hatarini, familia ijulishwe, apende asipende. Hoja yake ina uzito, na kanuni za kazi yetu zinaruhusu. Jibu langu ni kwamba kilichomtisha kijana hadi akafikiria kufa ni hicho hicho ambacho tungekipeleka nyumbani kwa simu ya mtu asiyemjua. Kama asingekubali kulala kwa rafiki, kama mama wa steshenari asingekuwepo, ningepiga. Tumebishana mara tatu na hatujaafikiana.

Jambo lililonichukua muda kuliona ni msiba. Nilipokea kisa cha kudisko, nikakitibu kama kisa cha kudisko na uongo wake. Mama yake alitajwa katika kikao cha kwanza kama maelezo ya kwa nini alikosa mtihani, nami nikaandika "sababu: kufiwa" na kuendelea. Kumbe kijana alikuwa hajaomboleza. Aliposema "nimepita" chini ya mwembe alikuwa anamwondolea mzigo mtu aliyezika mke miezi mitatu kabla. Shangazi aligusa hapo kwa kumwandikisha hesabu tu, bila kukusudia, mimi nikiwa na shahada ya pili ya kazi hii nimepita pembeni mara nne.

Kuhusu chuo sina mengi ya kuongeza juu ya nilichokwisha kusimulia. Barua moja kwa wakati, pengine ya nusu ukurasa, ingebadilisha sifuri tatu kuwa mitihani mitatu. Ofisi tatu zilikuwa na kipande cha habari: hosteli ilijua ameondoka ghafla, kiongozi wa darasa alijua amefiwa, idara iliona sifuri. Hazina mahali zinapokutana.

Tumebadilisha machache. Maelezo ya mtihani maalumu sasa yamo kwenye karatasi moja ya Kiswahili, inabandikwa hosteli na kwenye madirisha ya steshenari zote za langoni, na Daudi ndiye aliyeyapanga. Viongozi wa madarasa wana namba yetu.

Tulichoomba zaidi ni orodha ya wanaokatishwa masomo itufikie kabla matokeo hayajapanda kwenye mfumo, ili tuwapigie sisi kwanza. Mwaka wa kwanza ilitufikia siku mbili baada ya matokeo. Mwaka huu ofisi ya usajili imetuandikia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haiwaruhusu kutupa majina bila ridhaa ya wahusika. Tumewajibu tukapendekeza ridhaa iwekwe kwenye fomu ya usajili wa mwaka wa kwanza, kisanduku kimoja tu. Barua iko mezani kwa mwanasheria wa chuo tangu Machi.